Sura ya Tisa: Kibanzi Chekundu

Barua isiyo na jina ilifika kituo cha polisi cha Hannover siku ya Jumatatu. Ilikuwa imepigwa chapa kwa adabu kubwa, pambizo sawasawa pande zote, kila mkato mahali pake. Ilisema kwamba santuri namba 88 katika mnada wa Jumamosi wa Daktari Volkmar Distelkamp ni ya bandia, na kwamba polisi wasingependa kusikia habari hiyo kutoka magazetini. Inspekta Onno Wiarda aliisoma mara mbili. Alhamisi asubuhi akaiweka mapajani mwa mwanamke aliyeketi kando yake ndani ya gari.

"Aliyeandika hii," akasema, "ni mtu anayejua kuandika."

"Hannover imejaa watu wanaojua kuandika," akajibu Roswitha Ahlers.

"Alijua kwamba kesi za minada huletwa kwangu. Tena alijua kwamba, ukimwondoa Distelkamp mwenyewe, orodha yetu ina mtaalamu mmoja tu wa santuri za wakati wa vita, na mtaalamu huyo ni wewe."

"Mtu huyo ana akili."

"Mama Ahlers."

"Naam, Inspekta."

"Mimi sikuulizi kitu."

"Nami sijakujibu. Tunaelewana."

Wiarda alimimina chai kutoka kwenye chupa yake. Alikuwa mtu wa Friesland ya Mashariki, mwenye umbo la kabati la nguo, na aliamini kwamba hakuna jambo duniani linaloweza kuanza kabla ya kikombe cha pili. Roswitha alisubiri. Katika kusubiri alikuwa amehitimu. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na kati ya hiyo kumi na mmoja ameitumia kumsubiri mtu mmoja.

"Sasa nisikilize," akasema Wiarda. "Konrad Kneip ni kaka yako, tumbo moja. Hata ukimwona Distelkamp anaimeza santuri hiyo nzima bila maji, mahakama itasema, huyo ni dada mtu. Jicho lako halihesabiki. Na lile kosa la zamani limeshapitwa na muda wake kisheria. Distelkamp akikiri leo kwa machozi, nitampa leso na kwenda zangu. Nataka kitu cha leo, kitoke mdomoni mwake na kwenye kalamu yake. Nikikipata, kesi ya kaka yako inafunguliwa upya. Nisipokipata, Jumamosi santuri inauzwa, Jumatatu iko Japani au sijui wapi, na wewe na mimi tutakuwa tumekunywa chai."

"Utakipata."

"Na usimrukie."

"Inspekta, mimi ni mtaalamu niliyeapishwa."

"Ndiyo maana nasema usimrukie."

Roswitha aliukumbatia mkoba wake. Ndani yake mlikuwa na lenzi, taa ndogo ya miale ya zambarau, glavu za pamba, bahasha ya kaki yenye muhuri wa mahakama, na kitu bapa, cha mviringo, kilichofungwa kwa taulo ya jikoni.

Mkasa wenyewe ni mfupi, na haumpendezi yeyote isipokuwa Distelkamp. Miaka kumi na mmoja nyuma, Konrad Kneip aliikuta kwenye gulio la Celle, ndani ya boksi la nyimbo za Krismasi, santuri ya kampuni ya Eisvogel: orkestra ya Egon Plathe, "Kesho Hatuchezi", ya Januari mwaka 1943. Wiki chache baada ya kurekodiwa, serikali ya wakati ule ilipiga marufuku kudansi hadharani, na wimbo wenye jina kama hilo ukaonekana dhihaka. Santuri zote zikarudishwa kiwandani kusagwa. Watu walidhani hakuna iliyopona. Konrad aliipeleka kwa jumba la makumbusho. Jumba likamwita mtaalamu wa mahakama, Daktari Distelkamp, naye akaandika kwamba ni ya bandia, imefinyangwa kwenye karakana fulani ya uani. Konrad, ambaye karakana yake ilikuwa uani, akahukumiwa kwa udanganyifu. Mahakama ikaamuru santuri ivunjwe. Distelkamp akaivunja mwenyewe, kwa nyundo, akatia saini hati ya kuivunja, na akaleta vipande ndani ya mfuko.

Konrad aliukataa mfuko. Roswitha aliuchukua.

Siku hizi Konrad alikaa kwenye kibanda cha bwawa la kuogelea la manispaa, akitoa funguo za makabati ya nguo. Juu ya kichwa chake kulikuwa na kipaza sauti kilichoimba matangazo kutwa nzima. Mtu aliyekuwa akitambua kiwanda cha santuri kwa kuisikia ikikwaruza tu, sasa alisikiliza sifa za sabuni. Hakulalamika. Hilo ndilo lililomuudhi dada yake kuliko yote.

*

Daktari Distelkamp aliwapokea mwenyewe mlangoni. Alikuwa mwembamba, amenyooka, mwenye tai ya kipepeo na mvi zilizochanwa kwa mstari mmoja ulionyooka kama rula. Alimpa Wiarda mkono. Kwa Roswitha alitoa nusu ya mkono.

"Polisi kwa ajili ya barua ya mwoga," alisema. "Kodi zetu zinafanya kazi."

"Tunalazimika kufuatilia, Bwana Distelkamp," akasema Wiarda.

"Daktari."

"Daktari. Huyu ni Bi. Ahlers, mtaalamu wetu."

Distelkamp alimtazama Roswitha kama mtu anayetazama kiti anachojiuliza kama kimefutwa vumbi. Hakumkumbuka. Kule mahakamani Roswitha alikuwa amekaa safu ya mwisho, nywele nyeusi, na tangu hapo alikuwa amepata mvi na jina la mume.

"Na mama amesomea wapi?"

"Jikoni," akasema Roswitha.

"Inaonekana."

Chumba cha maonyesho kilinukia nta na kahawa. Mezani kulikuwa na keki ya siagi iliyokatwa vipande vya mraba, vyote sawa, na kando yake, kama maiti aliyeandaliwa vizuri, santuri namba 88 imelala juu ya kitambaa cha kijani. Distelkamp aliisogeza keki mbali na Roswitha.

"Makombo," alieleza.

Roswitha alivaa glavu. Katika picha ya orodha ya mnada santuri hii ilikuwa na ukingo mzima, mviringo usio na doa, na hicho ndicho kilichomnyima usingizi wiki nzima. Ya Konrad ilikuwa na pengo. Alilijua pengo hilo kwa sababu alilitia yeye, kwa kuigonga santuri kwenye bomba la sinki akiwa anaifuta vumbi, na Konrad hakusema naye kwa siku nne. Kwa hiyo alikuja na mawazo mawili. Huenda hii ilikuwa nakala nyingine, halali kabisa, na yeye ni mwanamke mzee mwenye kinyongo. Au ilikuwa ya bandia, na barua yake, samahani, barua ile isiyo na jina, ilikuwa imesema kweli kwa bahati mbaya.

Alianza na lebo. Alipitisha ncha ya kidole kutoka kwenye lebo kwenda kwenye santuri, polepole, mara nne. Hapakuwa na ngazi. Lebo ya kweli hutiwa ndani ya kalibu pamoja na tonge la moto la shelaki, utomvu mgumu wa kutengenezea santuri, vikaminywa kwa pamoja, karatasi na shelaki zikawa mwili mmoja. Ya kubandika baadaye hukaa juu, kama kiraka kwenye suruali.

"Lebo imeminywa," alisema.

"Asante kwa kunijulisha," akasema Distelkamp.

Kisha namba ya kalibu, ile inayochongwa kwenye duara tupu karibu na lebo. Tarakimu 7 ilikuwa na mkia mfupi, kama alivyokuwa akiichonga fundi wa Eisvogel aliyekuwa na mkono mzito. Ilikuwa sawa. Akainusa. Distelkamp akacheka puani.

"Anainusa. Inspekta, umeniletea mbwa?"

"Mbwa wetu yuko likizo," akasema Wiarda.

Harufu ilikuwa sawa, ya makaa ya mawe na lami kidogo. Mwaka 1943 shelaki halisi haikuingia nchini, na viwanda vilitia chochote kilichopatikana. Roswitha aliwasha taa ya zambarau, Wiarda akavuta mapazia bila kuambiwa.

Lebo ilibaki nyeusi. Karatasi za baada ya vita zina dawa ya kung'arisha, chini ya taa hiyo huwaka kama meno ya mtu kwenye disko. Hii ilikuwa imekufa kabisa, jinsi inavyotakiwa. Roswitha aliizungusha santuri. Ghafla, ukingoni, paliwaka kitu: alama ya buluu, ndogo, umbo la ukucha uliokatwa.

Wiarda aliinama. "Hiyo inang'aa."

"Inang'aa," akakubali Roswitha.

"Basi ni ya bandia?"

Distelkamp akafungua mapazia mwenyewe, kwa kishindo.

"Ukarabati," alisema. "Mjane niliyeinunua kwake alikuwa na mjukuu mwenye mikono ya kambare. Tone la gundi nyeusi, basi. Santuri nzima haiwi ya bandia kwa sababu ya tone, kama vile mtu hawi mzoga kwa sababu ya jino la kupandikiza."

"Orodha ya mnada haitaji ukarabati," akasema Roswitha.

"Itautaja. Nitaongeza mstari."

Roswitha alikuwa akiutazama ukucha ule wa buluu hata baada ya mwanga kurudi na kuufuta. Upana wake ulikuwa milimita tisa hivi. Upana wa mdomo wa bomba la sinki fulani, katika jiko fulani, mtaa wa Linden.

Akashusha lenzi: karibu na ukingo kulikuwa na kibanzi chekundu, umbo la pembetatu. Usimrukie.

"Ningependa kuisikia," alisema.

Distelkamp aliipeleka kwenye gramafoni yake kwa mikono miwili, akaichagulia sindano, akaishusha kama mtu anayemlaza mtoto. Kwanza ulikuja mkwaruzo, mwingi, wa kivita. Kisha matarumbeta ya Egon Plathe, ya uchangamfu uliopitiliza, kama watu wanaocheka ili jirani asikie. Roswitha alihesabu kimoyomoyo. Sita. Saba. Nane.

Tik. Tik. Tik. Tik.

Mara nne, mara moja kwa kila mzunguko, kisha kimya, na mwimbaji Lore Wischnat akaanza kuimba. Konrad alikuwa na mazoea ya kuzipiga tiki hizo nne kwa kijiko kwenye kikombe chake, kila mara, bila kukosea, halafu anamkonyeza dada yake. Mkono wa Roswitha ulikuwa tayari umeinuka hewani, vidole vikitafuta kijiko kisichokuwapo. Aliushusha mkono, akaukalia.

"Vipi?" akauliza Wiarda kwa sauti ya chini.

"Ni yenyewe," akasema Roswitha bila kutikisa midomo.

Wiarda alitikisa kichwa kidogo sana. Dada mtu. Halihesabiki. Santuri ilipomalizika, alikohoa kama mtu mwenye habari mbaya na muda mchache.

"Daktari, mimi mambo haya siyajui. Ninachojua, nina barua inayosema ni ya bandia na nimeona kitu kinang'aa. Kwa utaratibu, inabidi niichukue santuri hadi maabara ya taifa imalize. Wana foleni. Tuseme Machi."

"Mnada ni Jumamosi."

"Ndiyo hapo."

"Nina wanunuzi wanaokuja kwa ndege, Inspekta."

"Machi pia kuna ndege." Wiarda alijikuna shingo. "Labda. Labda kama wewe mwenyewe, ukiwa mtaalamu wa mahakama, ungeniandikia tamko. Ushahidi wako wote, kwa vipimo, chini ya kiapo chako. Hapo ningekuwa na kitu cha kumwonyesha mkuu wangu."

Distelkamp alikuwa ameshatoa kalamu. Alipenda matamko. Inasemekana aliandika tamko hata kwa mwokaji mikate wake. Alichukua karatasi yenye nembo ya nyumba ya mnada, akaanza kuandika kwa mwandiko mdogo, ulionyooka, akisoma kwa sauti: lebo imeminywa, namba ya kalibu ni sahihi, karatasi haiwaki.

"Mimi bado nina shaka moja," akasema Roswitha.

Kalamu ilisimama. "Mama ana shaka."

"Kile kibanzi chekundu. Karibu na ukingo. Kimeonekana kwenye lenzi na kimesikika kwenye sindano." Alizungumza taratibu, kama mwanafunzi anayesema somo alilolihifadhi. "Kiwanda kinachojiheshimu kisingeruhusu uchafu wa namna ile kupita. Ni alama ya tonge lililofinyangwa kwa mkono, katika mazingira yasiyo ya kiwanda."

Distelkamp aliweka kalamu chini. Aliegemea nyuma. Usoni mwake ulienea ukarimu wa mtu aliyeletewa mjinga mezani, mbichi kabisa, pamoja na uma.

"Mama yangu," alisema, "ni punguani tu anayeweza kusema maneno hayo. Inspekta, andika hilo kama unapenda."

"Naandika," akasema Wiarda, na kweli akaandika.

"Tangu mwaka 1942 hapa nchini hukuweza kununua santuri mpya kwa pesa tupu. Ilibidi upeleke dukani za zamani, zilizochakaa, zilizovunjika, hata kama ni nyimbo za bibi yako. Duka linazirudisha kiwandani, kiwanda kinazisaga na kuzikanda upya. Je, kuna msichana wa kiwandani aliyekuwa na wakati wa kukaa kubandua lebo? Zilisagwa na lebo zake. Kwa hiyo ukitazama tonge la vita kwa lenzi, unakuta vibanzi vya karatasi, vya buluu, vya kijani, vyekundu. Kila santuri na vya kwake. Hakuna mwigaji anayeweza kuviiga, kwa sababu hajui hata kwamba vipo. Kibanzi hicho si doa, mama. Ndicho cheti cha kuzaliwa."

"Kila santuri na vya kwake?" akauliza Roswitha.

"Kama alama za vidole."

"Kwa hiyo hakuwezi kuwa na santuri mbili zenye kibanzi kilekile mahali palepale?"

"Haiwezekani. Hata ukisaga hadi siku ya kiyama."

"Ningekuwa wewe ningeliandika na hilo," akasema Wiarda. "Mkuu wangu ni mbishi."

Distelkamp aliliandika. Aliandika vizuri sana. Aliitoa santuri kwenye gramafoni, akachukua vernia ya chuma, kipimo cha milimita, na kipimapembe cha shaba, kwa kuwa mtaalamu aliyeapishwa haandiki "karibu na ukingo" kama muuza viazi, akapima mara tatu na kuchukua wastani. Kibanzi cha karatasi nyekundu, umbo la pembetatu, upande mrefu milimita moja nukta moja. Umbali kutoka ukingoni, milimita sita nukta nne. Pembe kutoka kilele cha lebo, nyuzi mia na kumi na nane. Upande A. Uthibitisho usiopingika wa uhalisi, na kitambulisho cha pekee cha nakala hii. Tarehe. Saini. Muhuri wa mviringo, ambao aliupuliza kabla ya kuupiga.

"Hapo," alisema, na kumsukumia Wiarda karatasi. "Na mama apewe nakala, akasome jikoni."

Wiarda aliisoma yote, akaikunja, akaiweka mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo. Kisha akamtazama Roswitha na kujimiminia chai.

Roswitha alifungua bahasha ya kaki.

"Daktari, mimi macho yangu si mazuri," alisema. "Nisomee hapa. Ukurasa wa nne, aya ya pili."

Distelkamp alizipokea karatasi kwa vidole viwili. Alikuwa na sauti nzuri ya kusomea, na alipenda kuisikia.

"'Aidha, kwenye upande A kimeonekana kibanzi cha karatasi nyekundu, umbo la pembetatu. Kiwanda kinachojiheshimu kisingeruhusu uchafu wa namna hii kupita. Ni alama ya tonge lililofinyangwa kwa mkono, katika mazingira yasiyo ya...'"

Macho yake yaliruka hadi chini ya ukurasa, ambako kulikuwa na saini, na saini hiyo aliijua vizuri kuliko uso wake.

"Endelea," akasema Roswitha. "Umefika kwenye vipimo."

"Hii umeipata wapi?"

"Kumbukumbu za mahakama," akasema Wiarda. "Wanatunza kila kitu. Kuna mama mmoja kule chini hajatupa karatasi tangu aajiriwe. Endelea, Daktari."

Roswitha aliendelea kwa ajili yake, bila karatasi, kwa kuwa ukurasa wa nne alikuwa akiusema kichwani kila usiku kama wengine wanavyosema sala.

"Umbali kutoka ukingoni, milimita sita nukta nne. Pembe kutoka kilele cha lebo, nyuzi mia na kumi na nane. Kuna pengo ukingoni, milimita tisa, na hilo umelijaza gundi, kwa sababu pengo ulilikumbuka. Kibanzi hukukigusa. Ulikihitaji."

"Ni sadfa."

"Haiwezekani," akasema Wiarda, akigusa mfuko wa koti. "Hata nikisaga hadi siku ya kiyama. Nimeisoma hapa."

Gramafoni ilikuwa ikiendelea kuzunguka tupu. Distelkamp alimtazama Roswitha, safari hii kama mtu na si kiti. Alitazama taya, kisha macho.

"Kneip," alisema.

"Kwa kuzaliwa."

"Santuri ile ilivunjwa. Kuna hati. Nilikabidhi vipande."

"Ulikabidhi." Roswitha alikifungua kile kitu kilichofungwa kwa taulo, akakiweka juu ya kitambaa cha kijani, mahali pa namba 88. Ilikuwa santuri iliyounganishwa kutoka vipande mia na thelathini na kimoja, imejaa mishono ya gundi kama uso wa bondia. "Ilinichukua majira mawili ya baridi. Lebo uliibandua, ila namba ya kalibu ukaisahau. Uliyoivunja ni kwaya ya wavulana, nyimbo za Krismasi, ya mwaka 1951. Mahakama ilinijibu kwamba vipande vilivyolala jikoni kwangu miaka tisa si ushahidi. Nikawaza, sawa, basi Daktari ataandika ushahidi mwenyewe. Chukua, ni mali yako. Tahadhari, itakuharibia sindano."

Distelkamp aliishika meza. Kijasho chembamba kilikuwa kimemtoka juu ya mdomo, na tai ya kipepeo ilikuwa imeinama upande mmoja, jambo ambalo Hannover haijawahi kuliona.

"Naichukua santuri namba 88," akasema Wiarda, akitoa daftari la fomu. "Una haki ya kupewa stakabadhi. Hapa kuna nafasi ya maelezo ya kitu. Kwa kuwa wewe ndiye mtaalamu, jaza mwenyewe. Halisi, au ya bandia."

"Nikiandika ya bandia?"

"Basi nusu saa iliyopita umenipa tamko la uongo lenye muhuri, kwa ajili ya mnada wa Jumamosi. Hilo ni la leo, bichi kabisa."

"Na nikiandika halisi?"

"Basi ulisema uongo kule mahakamani, ukaficha mali ya mtu, na leo unaiuza. Dai la mwenye mali halifi upesi, lina miaka thelathini. Na kesi ya Konrad Kneip inafunguliwa."

"Lipi ni jepesi zaidi?"

"Mimi ni polisi, Daktari, si muuza samaki. Siweki bei."

Kalamu ilibaki hewani. Roswitha hakuharakisha chochote. Alivua glavu, kidole kimoja kimoja, akaisogeza sahani ya keki ya siagi karibu, akachagua kipande cha katikati. Alikula taratibu. Makombo yakaanguka kwenye kitambaa cha kijani na hakuna aliyeyakataza.

Mwishowe mwandiko ule mdogo, ulionyooka, uliandika neno moja: halisi. Huenda ilikuwa hesabu ya kisheria. Roswitha aliamini zaidi kwamba ilikuwa majivuno, kwamba mtu yule, hata akiwa amesimama juu ya kaburi lake, asingevumilia kuonekana amekosea kuhusu kibanzi.

Distelkamp alimsukumia Wiarda fomu. Wiarda aliitazama, akairudisha.

"Kuna mstari mwingine. Jina la anayedaiwa kuwa mwenye mali."

"Andika wewe."

"Kalamu ni yako."

Distelkamp alimgeukia Roswitha, na usoni mwake kulikuwa na kitu kilichokaribia kuwa ombi. Roswitha alijifuta vidole kwa leso, akaikunja, akaiweka kando ya sahani.

"Konrad Kneip," alisema. "Mwandiko wa kusomeka. Usiharakishe, Daktari. Sisi tulichukua miaka kumi na mmoja."